Watoto wetu hawataki tena kwaya ya Kiswahili. Tuwalazimishe?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tuko Kentucky, Marekani. Tumetoka Fizi, Kivu Kusini, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kwaya yetu ilianzia kambini na hapa tumeifufua. Mimi ndiye mweka hazina. Mazoezi ni kila Jumamosi jioni. Shida ni vijana. Wanatujibu kwa Kiingereza, wanataka kinanda chenye midundo yake, na wazee wamekataa kwa sababu huo si utamaduni wetu. Wengine wameacha, wanaimba kwaya ya shule. Binti yangu wa miaka 15 aliniambia, "Mama, hizo ni nyimbo zenu za kambini." Niliumia sana. Kwaya ndiyo tuliyotegemea iwafundishe Kiswahili. Kuna wazazi wanaosema tuwalazimishe, wengine wanataka tugawe kwaya mbili. Tena tamasha moja la mji limetualika, ila wanataka tuje na ngoma za asili na mavazi ya ngozi, na sisi hatujawahi kuvaa ngozi. La mwisho: mzee wetu mmoja wa sauti ya nne, tukianza wimbo fulani tuliotunga Nyarugusu, hutoka nje akalia. Sasa haji kabisa. Tufanye nini?

JIBU: Asante Mama, na asifiwe. Umeuliza mengi kwa mara moja, lakini nikiyasoma naona hofu moja inayoyabeba yote: kwamba mlichokitoa Fizi mkakivusha salama hadi Nyarugusu kitawafia mikononi hapo Kentucky, tena wakati huu mna amani na sahani zimejaa. Hofu hiyo naiheshimu. Ila naona mmeielekeza pasipo pake. Nyinyi mnawatazama vijana. Mimi ningeanza kutazama jinsi Jumamosi yenu inavyokwenda.

Kwanza huyo binti. Alichosema kimekuchoma, lakini ni kweli. Zile ni nyimbo zenu za kambini. Mlizitunga wenyewe kwa yaliyowapata wenyewe: vita, kuvuka Ziwa Tanganyika, foleni ya mgao, jina kutokuonekana kwenye orodha ya intavyuu ya kuhamishiwa nje. Mtoto wa miaka 15 leo ana yake yanayomsibu, na hakuna wimbo hata mmoja wa kwaya yenu unaoyataja. Sisikii dharau katika maneno yake. Nasikia mtu anayesema hajapewa sehemu, na mtu wa namna hiyo anarudishika.

Sasa wazee. Wanaposema kinanda cha midundo si utamaduni wetu, waulizeni kwa adabu kwamba kwaya ya sauti nne ilifika lini Fizi. Wapentekoste wa Norway na Sweden walikuja Kivu Kusini miaka ya 1920 na nyimbo ambazo tuni zake zilikwisha kuimbwa Ulaya na Marekani muda mrefu. Wakongo walizipokea, wakazitia ngoma na kayamba, wakaweka mwimbishaji anayetupa mstari na wenzake wakaudaka, wakaongeza hatua za miguu, hadi leo mtu akiisikia kwaya ya Kikongo anaijua kabla hajashika neno hata moja. Gitaa nalo liliwahi kupigwa vita makanisani mengi kwa sababu ni chombo cha baa. Leo nani anakumbuka?

Hili la kutunga upya halikuanza na nyinyi. Mwaka 1951 mtafiti J. Clyde Mitchell alikuwa Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kule aliikuta ngoma iitwayo kalela, ya vijana Wabisa waliokwenda mjini kutafuta kazi. Wenyewe waliiita ngoma ya kabila lao, na nyimbo zake zilisifu nchi ya Wabisa na kuwatania wengine. Lakini waliicheza kwa suruali safi, fulana na viatu vilivyong'arishwa. Alikuwepo "daktari" mwenye koti jeupe na msalaba mwekundu kifuani. Alikuwepo "nesi" aliyepita na kioo na leso ili wachezaji wajiweke nadhifu. Nyimbo zenyewe ziliimbwa kwa Kibemba cha mgodini. Ubisa wa aina ile ulizaliwa mjini, kwa sababu kijijini, ambako kila jirani yako ni Mbisa mwenzako, hakuna anayehitaji kuimbiwa kwamba wewe ni Mbisa.

Jitazameni nanyi. Huko Fizi mlikuwa watu wa ukoo na kijiji fulani. Nyarugusu, katikati ya Warundi na Watanzania, mkawa Wakongo. Kentucky mnaitwa Waafrika tu, na watoto wenu shuleni wanapewa jina jingine kwa sababu ya rangi. Kila mahali mmelazimika kujitambulisha upya, na kwaya imewasaidia kufanya hivyo. Watoto wenu wanaifanya kazi ileile, ila wanaifanya bila nyinyi.

Kwa nini kuimba pamoja kunashika watu kiasi hiki? Kuna sehemu ya mwili. Mkishika mstari mmoja wa wimbo mnavuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja, na moyo hufuata pumzi: watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba mapigo ya moyo ya waimbaji wa sauti moja hupanda na kushuka kwa pamoja. Lakini kuna utafiti mwingine ambao watu wa kwaya hatupendi kuunukuu hadi mwisho. Eiluned Pearce na wenzake wa Oxford, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2015, waliwafuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa mapya, baadhi ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na ya uandishi. Waimbaji walizoeana upesi kuliko wenzao. Baada ya miezi 7, hata hivyo, makundi yote yalikuwa yamekaribiana sawasawa. Maana yake ni kwamba wimbo unawahi kuwaunganisha wageni, lakini kinachowaweka pamoja kwa miaka ni kule kuendelea kukutana: chai baada ya mazoezi, nani anamchukua nani kwa gari, michango ya msiba, hata ugomvi wa sare. Kama vijana wanakuja kuimba tu kisha wanakaa pembeni na simu zao wazazi wakiteta jikoni, wamekosa nusu iliyo kubwa.

Ndiyo maana lazima nikuvunje moyo kidogo kuhusu Kiswahili. Kwaya haifundishi lugha. Inafundisha matamshi, inatia maneno kinywani, inampa mtoto methali mbili tatu za kubaki nazo, basi. Huko Gujarat, India, wako Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengi wao utumwani. Ngoma yao wanaiita goma. Mojawapo ya ngoma wanazopiga inaitwa musindo. Wanacheza kwenye kaburi la walii wao Bava Gor, kule Ratanpur, na katika nyimbo zao yamo maneno ambayo mimi na wewe tungeyatambua kuwa Kiswahili. Lakini wao wanazungumza Kigujarati, na ukiwauliza maana ya maneno hayo wengi hawana la kukueleza. Leiwa, ngoma ya Oman na nchi za Ghuba, ina nyimbo za namna hiyohiyo. Mimi huwa sijui nifurahi au nisikitike. Wimbo umekaa zaidi ya lugha, ndiyo; lakini lugha yenyewe haikurudi kwa kuimbwa.

Lugha hukaa pale mtoto anapoihitaji ili apate kitu. Kwa hiyo kazi ya kukitunza Kiswahili iko katikati ya nyimbo, kwenye maneno ya mazoezi yenyewe: "rudia ubeti wa pili", "sauti ya tatu mmeshuka", "nani kaficha ufunguo wa stoo?" Kijana apewe jukumu ambalo haliendi bila Kiswahili. Mmoja atangaze ratiba kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Mwingine amfuate mtunzi wa wimbo nyumbani kwake, amrekodi akieleza aliutunga lini na kwa ajili ya nani. Akikwama na kuchanganya Kiingereza, mwacheni amalize.

Hapo ndipo penye donda, Mama, na uniwie radhi nikilisema wazi. Mtoto anapotamka neno vibaya kwenye mazoezi ya Jumamosi, nini humpata? Katika kwaya nyingi za ughaibuni nilizozitembelea, hupata kicheko. "Kiswahili gani hicho?" anasema mjomba mmoja, na ukumbi mzima unaangua. Kwa mjomba ni mzaha. Kwa kijana wa miaka 13 aliyechekwa tena shuleni Jumatatu kwa sababu ya Kiingereza chake, hiyo ni sababu tosha ya kutofungua mdomo tena. Kisha wakubwa wanauliza kwa nini wanajibiwa kwa Kiingereza.

Jambo hili lina historia yake. Thomas Turino, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alikaa na watu wa Conima, mji mdogo katika milima ya Peru, na wenzao waliohamia jiji kuu, Lima. Conima, sikukuu ikifika, mwanamume anayetaka huchukua filimbi yake akaingia kundini. Asiyejua hujificha ndani ya sauti za wengine, na hakuna anayemkosoa mbele za watu. Wahamiaji wa Lima nao waliunda vyama vyao wakaupiga muziki uleule kwa fahari, lakini walikuwa wakali zaidi: mazoezi marefu, kusahihishana, hamu kubwa ya kufanana na wa nyumbani. Naelewa walikotokea. Ukiwa mbali unaogopa kukosea, kwa sababu hakuna kijiji cha kukusahihisha kimyakimya. Lakini ukali huo unawafukuza wale wasiojua bado, na kwenu hao ni watoto.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: mwaka huu mtunge wimbo mmoja mpya, wa Kentucky, na utungwe na watu wa rika zote mbili. Wazee wawili, vijana wanne, mpiga ngoma mmoja. Wayasemee maisha ya sasa: zamu ya usiku kiwandani, theluji, bibi aliyebaki kambini anayeongea nao kwenye simu.

Hapa nina la kitaalamu la kuwapa. Waanze na kusema, kabla ya kutafuta tuni. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila mstari wetu hushuka mwishoni. Kiingereza mara nyingi humaliza mstari kwa kishindo. Chukua wimbo ambao karibu kila Mkristo wa Kiswahili anaujua, "Mwamba wenye imara". Sema kwa kawaida: i-MA-ra. Sasa uimbe: tuni inakanyaga I na RA, na MA inapita kama haipo. Tuni ilitengenezewa maneno ya Kiingereza, na tafsiri ikavishwa juu yake. Tumeizoea, tunaipenda, mimi mwenyewe naiimba. Lakini kijana anayejaribu kuweka Kiswahili juu ya mdundo wa redio ya Marekani ataangukia kosa hilohilo, na wazee watasikia kasoro wasijue kuieleza. Watasema tu "huu si wetu". Mwambieni autamke mstari mara kadhaa kama anamwambia mtu, apige makofi pale sauti inapokaza, kisha tuni ifuate makofi. Kama nyinyi ni Wabembe, kama watu wengi wa Fizi, mnalo jambo la ziada: Kibembe ni lugha ya toni, na neno hubadilika maana sauti ikipanda au kushuka. Kama mna ubeti wa Kibembe, tuni lazima imsikilize msemaji. Hilo kijana hawezi kulijua bila mzee. Huo ndio uzuri wake. Watalazimika kukaa pamoja.

Na kinanda? Wazee wana hoja, ingawa wameisema kwa maneno mengine. Mdundo wa otomatiki ukishawashwa hauongezi mwendo wala kupunguza, na nyimbo zenu huanza taratibu kisha sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, inachochea. Isitoshe, mara nyingi makofi ya kwaya yanahesabu mbili huku ngoma ikihesabu tatu, na mashine inayohesabu mbili na nne tu inafyeka mvutano huo wote. Basi kinanda kiingie, mdundo wa mashine uzimwe, na kijana apige drams kwa mikono akimfuata mzee wa ngoma. Mkikubaliana hivyo, nadhani kila upande utaona haukushindwa.

Kuhusu kulazimisha: mtoto mdogo huenda aendako mama yake, na hilo halihitaji mjadala. Kijana ni mwingine. Unaweza kumtaka awepo kwenye misiba, harusi na sikukuu za jamii, na ni haki yako. Kumlazimisha kufungua mdomo na kuimba hutaweza, na siku akipata leseni ya gari amri yako imekwisha. Kugawa kwaya mbili nakushauri usifanye. Ya vijana itakuwa ya Kiingereza mara moja, ya wazee itazeeka na watu wake.

Kwaya ya shule msiichukie. Pengine kijana anajifunza kusoma nota kule, kitu ambacho wengi wetu hatukukipata. Mpe kazi: aandike nota za nyimbo zenu za Nyarugusu, sauti zote nne, na juu ya kila moja aandike jina la aliyetunga. Watunzi wengine wamebaki kambini, wengine wameshatawanyika hadi Australia na Canada. Nyimbo hizo sasa ziko vichwani tu na kwenye simu zinazopotea.

Tamasha: nendeni, ngozi mkatae. Hamjawahi kuzivaa, msianzie Kentucky. Waandaaji hawana nia mbaya. Wana picha ya Afrika waliyoiona mahali, na wanatafuta wa kuijaza. Waandikieni kwa upole kwamba nyinyi ni kwaya, mavazi yenu ni sare za vitenge, na ngoma zenu ni zile mnazopiga kila Jumamosi. Tumeni video fupi. Ombeni mtangazaji asome mistari miwili mliyoiandika nyinyi kuhusu wimbo mtakaoimba. Wakikataa kabisa, waache watafute wengine. Na wewe kama mweka hazina, uliza mapema kuhusu malipo na usafiri, tena kwa maandishi; vikundi vya wahamiaji mara nyingi huambiwa wamepewa "nafasi ya kuonekana" huku wapiga gitaa wa hapo mjini wakilipwa.

Nimemwacha mzee wa sauti ya nne mwisho kwa sababu yake hayatatuliwi na kwaya peke yake. Wimbo hufungua kumbukumbu pamoja na mwili wake wote: harufu, hofu, sura za watu. Kwa mtu mmoja wimbo wa kambini ni faraja, kwa jirani yake katika mstari uleule ni siku aliyompoteza mtu. Kulia mara moja moja kwenye wimbo si ugonjwa. Lakini mtu aliyeacha kuja kabisa mahali alipopapenda ananipa wasiwasi. Asitumiwe ujumbe wa "tumekukosa" kwenye kundi. Watu wawili anaowaamini waende nyumbani, wakae, wamuulize kama angependa wimbo ule uwekwe kando kwa sasa, na walikubali jibu lake bila kumhubiria kwamba aombe zaidi. Maombi yawepo, na daktari awepo.

Wakiona hapati usingizi usiku, anaota vita, anashtuka kwa kelele ndogo, ameacha kula au anakunywa kupita kiasi, na hali hiyo imekwenda wiki kadhaa, mpelekeni kliniki au kwa shirika lililowapokea mlipofika. Mashirika mengi ya namna hiyo yanajua wataalamu waliozoea kutibu wakimbizi. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa kumpa mkalimani bila malipo, kwa hiyo ombeni wa Kiswahili, na wa Kibembe kama anakijua zaidi. Msimtumie mjukuu kutafsiri. Kuna mambo ambayo mzee hatayasema kupitia kinywa cha mtoto, na mengine mtoto hapaswi kuyasikia. Akitamka kwamba amechoka kuishi au anataka kujidhuru, msingoje Jumamosi wala mchungaji arudi safari: pigeni 988, namba ya simu ya Marekani ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua, saa yoyote, ombeni mkalimani, na mtu mmoja asiondoke hapo alipo.

Mkishampeleka, nafasi yake ya sauti ya nne ibaki. Kama hataki kuimba bado, muulizeni kama anaweza kukaa na vijana wale wanne wanaotunga, awasahihishie Kibembe.